Kizingiti cha Mavis

Asubuhi za ukungu, handaki la maji linalozunguka magofu ya Jumba la Aldersley huonekana kama bado linalinda kitu. Halilindi chochote. Bwana aliyelichimba hakuwa na adui. Alitaka tu majirani wavuke daraja wakiwa wamenywea. Jumba lilipoungua, wazee wetu walilibeba jiwe moja moja: hili likawa dohani, lile banda la nguruwe. Nusu ya kijiji chetu ni jumba lile lile, limetawanyika.

Sasa lango linajengwa upya, na kila mtu amerudisha jiwe lake isipokuwa jirani yangu Ambrose. Lake ni kizingiti cha mlango. Imogen, fundi mwashi, alipoliinua kidogo kwa mtaimbo, tuliona waridi la kuchongwa upande wa chini. Wazee wetu wezi walikuwa wamelifudikiza kwa aibu.

"Mzee, hili lilikaa juu ya lango!" alisema Imogen. "Tutaligeuza, waridi litazame nje."

"Na upande huu?"

"Utafunikwa na chokaa."

"Basi rudisha mtaimbo wako garini, binti."

Upande huu una kibonde kilicholika kwa miguu ya vizazi, na kwa brashi ya marehemu mkewe, Mavis, aliyelisugua jiwe hilo kila Jumamosi.

"Acha ukaidi, Ambrose," nilimwambia. "Mavis hayumo ndani ya jiwe."

"Yumo wapi basi, wewe mjuzi wa mambo?"

Nilijichukia kwa kusema vile.

Siku chache baadaye nilimkuta darajani, Imogen akiwa kando yake. Majini, magofu yalitulia kama jumba zima linaloota. Watoto wa shule walikuwa wakipita langoni, wakiteleza matopeni.

"Hawana pa kukanyaga," alisema, akamgeukia Imogen. "Lichukue. Ila lilale chini, pale langoni, kibonde juu."

"Na waridi? Wakubwa wangu watanichinja!"

"Waambie mzee hashikiki."

Mafundi wakalilaza pale. Lakini habari zilikuwa zimeenea, na kila aliyefika langoni aliliruka jiwe la Mavis kwa heshima, kofia mkononi. Ambrose alivumilia wee, mwisho akafoka.

"Mnaruka nini? Kaburi hilo? Kanyageni!"

Watu wakasimama, wakitazamana. Akaninyooshea mkono.

"Anza wewe, jirani. Tafadhali."

Nilikanyaga katikati ya kibonde, machozi yakinitoka, na nyuma yangu nikasikia viatu vya watu vinaanza kuja.