Anayepinga Asimame

Mwenyekiti wa mtaa alikuwa fundi cherehani, na mikutano aliiendesha kama alivyopinda suruali: haraka, mshono umenyooka, uzi hauning'inii. Akishasoma jambo, alivuta pumzi akasema, "Anayepinga asimame." Ukumbi ukikaa kimya, aligonga meza. "Imepita." Watu wakamwita Mama Imepita, naye jina halikumkera hata kidogo. Wenyeviti wengine walishinda kutwa wakiamua ugomvi. Yeye alifunga mkutano chai haijapoa.

Ndivyo lilivyopita daraja. Manispaa ilikuwa imetenga fedha za daraja moja tu la miguu juu ya korongo linaloukata mtaa, ikataka wananchi waseme likae wapi: juu, penye maduka, au chini, penye mteremko wanapovukia watoto wa shule. Wenye maduka walisema sana, na walisema vizuri. Kina mama wa chini, waliokaa mabenchi ya nyuma, walitazama mikono yao. Alipowaambia anayepinga asimame, hakusimama mtu, na likapita la juu.

Mvua zikawahi kuliko mafundi. Asubuhi moja maji ya korongo yalimchukua binti wa mdogo wake mwenyekiti, mtoto wa darasa la pili, akivuka pale chini kwenda shule. Mtoto wa mdogo wako ni mwanao. Alikuwa akimwita mama mkubwa, na sare aliyookotwa nayo, mama mkubwa ndiye aliyeishona.

Msiba ulipotulia, mwenyekiti alikwenda kuketi jikoni kwa mdogo wake. Alijizuia sana, lakini likamtoka.

"Mbona hukusema, mdogo wangu? Si ulikuwepo siku ile?"

Mdogo wake alikuwa akichambua maharage, na aliendelea kuchambua. "Ulisema anayepinga asimame, dada. Bwana Funguo alikaa mbele yangu. Nisimame niyapinge maduka yake, halafu nirudi kulala kwenye nyumba yake?"

Bwana Funguo ndiye aliyewapangisha nusu ya watu wa chini, na siku ile ndiye aliyeanza kupiga makofi. Miaka yote hiyo mwenyekiti alikuwa akiona watu wamenyamaza, akajiambia wameridhika. Aibu ilimpanda hadi masikioni.

Akaenda manispaa kumwangukia mhandisi. Mhandisi hakubisha: msingi haujachimbwa, wananchi wakibadili neno lao naye atabadili mchoro. Wakashuka pamoja mteremkoni kupima. Mhandisi alivuta kamba, akachomeka vijiti, akaja kusimama mlangoni pa chumba cha cherehani cha mwenyekiti, pale pale ukingoni.

"Mama, upande huu mwamba uko hapa tu. Kwingine kote ni tope. Daraja likija chini, mguu wake utakaa hapa. Chumba hakitabaki."

"Na mimi nitapewa pengine?"

"Utalipwa bati na matofali. Mahali, hapana. Ukingo wa korongo hauna hati."

Chumba hicho alikijenga alipofiwa na mumewe, na ndicho kilichowasomesha wanawe. Mhandisi alipoondoka, alibaki mlangoni. Wazo baya likamjia, na tusimfichie: angeweza kuitisha mkutano, akasoma kwamba daraja libaki juu, akauliza kama alivyozoea kuuliza, na hakuna ambaye angesimama. Kisha angegonga meza. Alilitazama wazo hilo kwa muda mrefu kuliko inavyompasa mtu aliyetoka kuzika.

Halafu akaliacha, akashika njia. Alikwenda bombani kina mama wanakofulia, akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, akauliza, "Mnavuka wapi? Mnaogopa nini?"

"Aa, popote tu, mwenyekiti."

Zamani angesema imepita. Sasa alinyamaza akangoja, na kungoja kulimtesa, maana si kazi yake. Taratibu wakaanza kusema. Mmoja aliteleza pale akiwa na mimba. Mwingine humbeba baba mkwe wake mgongoni kila siku ya kliniki. Lakini mazungumzo yalipofika kwenye chumba cha cherehani, wote walirudi kusugua nguo. Nani atamwambia mtu usoni, vunja riziki yako?

Siku ya mkutano aliwaeleza yote, na la chumba chake hakulificha. Kisha akasema, "Mkiniona hapa hamtasema. Natoka. Bwana Funguo, tafadhali, twende wote. Mhandisi atawasikiliza, na kura itakuwa ya siri."

Bwana Funguo alinung'unika kwamba tangu azaliwe hajawahi kutolewa ukumbini na fundi nguo. Akatoka.

Wakakaa kwenye ngazi, kila mtu na upande wake. Nyuma yao ukumbi ulianza kuchemka. Wanawake walikatizana, mtu akalia, mtu akacheka. Mwenyekiti hakuwahi kuusikia mtaa wake ukisema hivyo, na ilimuuma kwamba umesema yeye akiwa nje.

Muda ukapita. Mdogo wake akatokea mlangoni.

"Tumemaliza, dada. Ni chini."

Bwana Funguo aliinuka akaingia ndani kwenda kulalamika. Mwenyekiti aliitikia kwa kichwa. Riziki yake ilikuwa imekwenda, na hakumlaumu mtu.

"Afadhali," alisema. "Ningemtoa yule mzee mara ya kwanza, ungesema, na mtoto angekuwepo."

Mdogo wake aliketi kando yake.

"Nyumba za kupanga ziko nyingi, dada. Kwa Funguo ningehama." Sauti yake ilikuwa ya chini. "Sisi wote wa chini tunaujua ule mwamba. Nilijua daraja likija kwetu litakaa wapi. Siku ile nilikunyamazia wewe."