Safu ya Hasara

Sijui ni usingizi ulionichukua au ni ule mduara. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki ndani ya saiba ya Bwana Mwakio, duka lake la intaneti mjini Voi, siku ya mwisho ya Juni, ndiyo mwisho wa kutangaza kodi, mchana kweupe, mwanangu Mghoi amelala mgongoni nimemfunga kwa leso, na mbele yangu kwenye kioo cha kompyuta kuna mduara unaozunguka, unazunguka, unazunguka, na chini yake maneno: tafadhali subiri. Nasubiri. Nimesubiri tangu asubuhi. Mimi ni Wakesho, fundi wa cherehani, na nasema wazi kwamba nimekuja kutangaza mapato yangu kwa hiari, bila kusukumwa na mtu, kwa sababu shule moja imekubali kunipa kazi ya kushona sare na inataka cheti cha kuonyesha sidaiwi kodi. Risiti zangu zote nimezibeba kwenye mfuko wa unga. Lakini kila nikifika ukurasa wa tatu naambiwa muda wangu umekwisha, nirudi ukurasa wa kwanza, na nikirudi wa kwanza naulizwa paswadi, na paswadi niliyoiweka jana leo si yangu. Nimekasirika hadi nimechoka kukasirika. Foleni nyuma yangu imetoka nje mpaka barabarani na kila mtu ana ushauri. Mama Mghoi, weka sifuri, anasema Bwana Mwakio, pande la mtu, miwani ameipandisha juu ya upara. Hapa wote tunaweka sifuri. Unasema mwaka uliopita hukuwa na kitu, unabonyeza, unaenda zako kupika. Lakini nilikuwa na kitu, namjibu. Nilishona mwaka mzima. Nilizaa. Sasa niandike mwaka wote huo ulikuwa mtupu? Anacheka mpaka tumbo linasukuma meza. Sistimu haitaki hadithi, mama. Nafumba macho kidogo tu, niyapumzishe, na mduara unaendelea kuzunguka ndani ya kope zangu, unapanuka, unakuwa na kizingiti kama mlango, na mimi nainuka na mfuko wangu na mtoto wangu mgongoni, navuka.

Upande wa pili ni barabara. Nyeupe, imenyooka, haina mwisho ninaouona, na haina vumbi. Mimi mtu wa Voi, barabara isiyo na vumbi jekundu inanitisha kabla ya jambo lingine lolote. Pembeni kuna vibao, na badala ya maili vimeandikwa ukurasa wa kwanza, ukurasa wa pili, ukurasa wa tatu, na baada ya wa tatu kinakuja tena cha kwanza, na tena, na tena, ingawa sijageuka wala kukata kona. Watu wanatembea mbele yangu, wengi, kimya, kama watu wanaotoka mazikoni. Namfikia mzee mmoja, namwamkia, shikamoo, anageuka aniitikie, na hana uso. Hana jicho, hana pua, hana mdomo. Hakuna kovu wala kidonda, ni ngozi laini tu kama kiazi kilichomenywa. Mama yangu wee! Napiga ukelele, na kwa ukelele ule barabara nzima inageuka kunitazama, na hakuna hata mmoja mwenye cha kunitazamia. Mwanamke mmoja ananishika bega, naruka, kisha naliona gauni lake, la kitenge cha kijani, marinda matatu kiunoni, na hilo gauni nimelishona mimi kwa mikono yangu, ila mwenyewe ni nani siwezi kukumbuka, maana mtu hukumbukwa kwa uso. Usiogope, Wakesho, anasema, na sauti inatoka kifuani kwake. Sisi ndio tulioweka sifuri. Tulisema hatukuwa na kitu, na tuliaminiwa.

Nasimama pale nikiwa nimepigwa na butwaa, mdomo wazi, angalau mimi bado ninao. Namwuliza mwenye gauni la kijani, na aliyekuwa na kitu anaenda wapi? Anaenda mjini, anasema, kwenye dirisha, huko husikilizwa. Njia ni ipi? Anajibu kwamba njia humjua anayerudi. Namwambia, dada, mimi na mafumbo tuliachana darasa la nne, niambie kushoto au kulia. Badala ya kunijibu anasema: kitendawili. Na kinywa changu, kilichozoea tangu utotoni, kinajibu chenyewe bila kuniuliza: tega. Nyumba yangu ina milango mia na yote ni ya kuingilia, anasema. Kaburi, nasema. Siyo. Basi ndoa. Siyo, na naona mabega yake yanatikisika, nadhani angekuwa na mdomo angecheka. Nimeshindwa, nasema. Basi nipe mji. Ee Mungu, ni nani kati yetu hakulelewa hivyo, jikoni kwa bibi, miji tukiigawa ovyo, Nairobi chukua, Mombasa chukua, mji si wa baba yako unakuuma nini? Sisi tulipenda kutoa Mwatate kwa kuwa ulikuwa karibu. Nakupa Mwatate, nasema, nikiangalia zaidi ile barabara kuliko maneno yangu. Nimekwenda Mwatate, anaitikia kama desturi, nimekula, nimeshiba, jibu ni hapa uliposimama. Na palepale naiona kwa mbali, chini ya vilima vya kwetu, Mwatate yenyewe, maduka yake, soko lake, hospitali yake yenye bati la buluu, inakunjwa pembe kwa pembe kama shuka lililokauka, na inawekwa mahali nisipopaona. Panabaki mbuga tupu. Nampigia kelele, ulikuwa mchezo! Huku hakuna mchezo, anasema. Na ndipo ninapokumbuka kwamba Mghoi amezaliwa Mwatate, katika hospitali ile ile, na leso mgongoni inanijia nyepesi kidogo kuliko ilivyokuwa.

Tunatembea au barabara inatembea, sina hakika, na mji unafika. Ni mji wa vioo. Kila jengo linatazamana na pacha wake, kila mtaa una mtaa mwingine chini yake uliopinduka, na kwenye kila ukuta nipo mimi, ila si mimi wa leo. Hapa nina mimba nimeshika kiuno. Pale nimeinamia cherehani, sindano mdomoni. Kule niko sokoni nabishania bei ya uzi. Natafuta ukuta wenye mimi na mtoto mgongoni, natafuta mtaa hadi mtaa, na kila nilipo niko peke yangu, leso imefungwa vizuri kifuani lakini nyuma imelala bapa. Natia mkono nyuma kwa haraka. Nakuta mguu wake. Upo, lakini ni mwembamba kama pindo la nguo. Nakimbia. Kwenye lango la kuendea dirisha askari ananizuia, naye vilevile hana uso, anasema lazima nithibitishe kwamba mimi ni binadamu, nimwonyeshe madaraja yote ya mji huu. Namtazama kiazi kile kilichovaa kofia. Kati yangu na wewe, namwambia, nani anayepaswa kuthibitisha? Anafikiri jambo hilo kwa muda mrefu, na akiwa bado anafikiri mimi napita.

Dirishani kuna mtu mwenye tai. Sauti yake ina adabu nyingi, adabu ile ya ofisini inayokufanya utake kuvunja kitu. Karibu, anasema, mwaka uliopita ulikuwa na nini? Namwaga risiti zangu mezani, na zote zimekuwa nyeupe, hakuna hata tarakimu moja. Nazigeuza, nyuma pia nyeupe. Sawa, nasema, ziacheni hizo, mimi nilikuwa na mtoto, anaitwa Mghoi, yuko hapa mgongoni, mwandikeni huyo kwanza. Kundi gani? anauliza. Kundi la mtoto, namjibu. Makundi ni mshahara, biashara na nyumba ya kupangisha. Mtoto si mshahara! Hata mimi naona hivyo, anasema kwa upole. Amezaliwa wapi? Mwatate. Hakuna mji kama huo. Ulikuwepo! Ulikuwepo, anakubali, umetolewa leo. Na nani? Na wewe. Nahisi kama nimemwagiwa ndoo ya maji baridi. Nirudishieni, nalia, nilikuwa nimezoea tu, ni maneno ya watoto, nirudishieni Mwatate yangu. Mji haurudi, anasema, linalorudi ni swali: ulikuwa na nini? Nikigeuka nimtazame mwenye gauni la kijani, aliyenifuata mpaka dirishani, anisaidie, yeye ameinamisha kichwa. Weka sifuri, Wakesho, ananong'ona, haiumi. Najishika shavu. Linateleza. Pua yangu imeanza kuwa fupi.

Kuna safu moja iko wazi, anasema mwenye tai, kama kwamba amekumbuka sasa hivi. Kisicho na kundi lakini kina mwenyewe huandikwa huko. Anageuza ukurasa na kunionyesha kwa kidole. Safu ya hasara. Namtazama. Narudia neno hilo mdomoni kwa sababu siamini nimelisikia. Hasara kwetu huitwa mtoto aliyeshindikana, mlevi aliyeuza ng'ombe wa babake akanywa na kamba, na wangu hajaota hata meno. Mwanangu si hasara, namwambia, na sauti yangu inapasua kioo kimoja nyuma yake. Mwanangu ndiye kitu pekee mwaka ule ambacho sikukikopa, sikukishonea mtu, sikukipunguzia bei. Umeusikia ule mdomo mdogo ukicheka usiku? Umewahi hata kuwa na mtoto, wewe? Anangoja nimalize, kwa adabu ileile. Kilichoandikwa kipo, anasema. Kisichoandikwa hakikuzaliwa. Na wakati huo huo leso inalegea. Fundo kifuani halijafunguka, nalishika, liko imara, lakini nyuma hakuna tena joto, hakuna pumzi shingoni, leso inapeperuka kama bendera. Nachukua kalamu. Sitaki na nachukua. Naona aibu, naona hasira, na juu ya vyote hivyo naona woga ambao sijawahi kuuona hata leba nikijifungua. Chini ya neno hasara naandika Mghoi, kwa herufi kubwa, nabonyeza mpaka karatasi inatoboka, na uzito unanirudia mgongoni mara moja, wote, mzito kuliko alivyokuwa, unanivuta nyuma, naanguka na kiti.

Naanguka na sianguki, maana nimekaa. Feni inazunguka juu. Harufu ya wino wa printa. Foleni bado iko barabarani, mtu anakohoa, mtu anamtukana mtu kwa simu. Bwana Mwakio ameinama kwenye kompyuta yangu. Dada, anasema, imekubali, una bahati, wengine watalala hapa. Ila mbona imeonyesha hasara? Si tulikubaliana sifuri? Namwambia mimi sikugusa kitu, nilikuwa nimelala. Na mimi sikugusa, anasema, nilikuwa nakungoja uamke. Ifute, namwambia. Haifutiki, dada, ikishaingia imeingia. Lakini usiogope, hasara si kitu kibaya kwa mambo ya kodi, haipotei, inahamishiwa mwaka ujao, na ikibaki inahamishiwa ule mwingine, hadi siku itakapofidiwa. Namwuliza itafidiwa na nini. Hilo sistimu ndiyo inajua. Nyuma yangu wameanza kunung'unika kwamba nimemaliza niondoke. Mgongoni kuna uzito, umetulia kabisa, sisikii pumzi kwa sababu ya feni, na mtoto aliye mgongoni mama hamwoni, sijui kwa nini jambo hilo sijawahi kulifikiria hata mara moja. Bwana Mwakio anashusha miwani kutoka kwenye upara, anasogeza uso kwenye kioo na kusoma tena ule mstari, taratibu, kwa kidole. Na hii Mghoi, ananiuliza, ni biashara gani? Namtazama usoni, macho yapo, pua ipo, mdomo upo, na uso wote unaningojea jibu. Mkono wangu umefika kwenye fundo la leso. Nalishika. Watu wanasema, mama, songa, na mimi nimelishika tu, silifungui.