Waya Mnene wa Nyasuguta

Tuelewane mapema: Mzee Elkanah Ombati hakuwa mtu mbaya. Kichwa kigumu alikuwa nacho, na maneno pia hayakumpungukia, lakini ubaya hakuwa nao. Miaka ishirini na sita alikuwa ameendesha gari la zahanati ya misheni pale Migori bila kugonga hata kuku, na jambo hilo alikuambia, uulize usiulize.

Mwaka huo wa tisini na nne, hata hivyo, usukani ulikuwa unamponyoka. Zahanati ililetewa friji ndogo ya chanjo, ya kufungwa nyuma ya gari, nayo ilikula umeme hadi ukashangaa. Land Rover yake kuukuu ilikuwa na dainamo ya zamani iliyotosha taa na honi, basi. Safari ya kwanza ya Mbita na Sindo chanjo ikaharibika. Ya pili ikaharibika vilevile. Sister Monicah, muuguzi mkuu, hakupandisha sauti. Alisema tu kwamba ikiharibika ya tatu, gari litaegeshwa na Mzee aende nyumbani akapumzike.

Kupumzika! Mzee alisikia neno hilo mate yakamkauka. Aliwajua wenzake waliopumzika. Walishinda sokoni wakibishana juu ya magari yasiyokuwa yao.

Dawa ilikuwa moja: dainamo itoke, iwekwe altaneta kubwa. Na fundi wa umeme wa magari aliyeaminika kuliko wote Migori, aliyefanya kazi kando ya kituo cha petroli, alikuwa Nyasuguta, mke wa mwanawe Joash. Hapo sasa ndipo mambo yalipokuwa magumu.

Maana kwa Abagusii, baba mkwe na mke wa mwana wana mpaka wao. Hawashikani mikono, hawakai kiti kimoja, na mwanamke akiwa ameinama kazini baba mkwe hutazama kwingine. Si uadui, ni heshima, na Mzee Ombati aliishika kuliko hata mchungaji wa kanisa lake alivyoona ni lazima. Kwa hiyo siku mbili nzima Nyasuguta alipolala chini ya Land Rover na ovaroli yake, Mzee alikaa ng'ambo ya barabara kwenye benchi la mshona viatu, amempa mgongo, akisikia spana zikilia. Gari lake limefunguliwa tumbo, naye haoni! Alikunywa chai vikombe saba na hakuna hata kimoja kilichopita vizuri.

Aliyoyakosa aliyajua baadaye. Altaneta ile, ya ampea mia, ilitoka kwenye ambulensi chakavu. Nyasuguta alipoifunga akautazama waya wa zamani, uliotoka kwenye injini ukapitia mshale wa chaji pale dashibodi ndipo urudi kwenye betri. Ulikuwa mwembamba na umekauka. Ukipitishiwa nguvu za altaneta ile ungeyeyuka mara moja. Basi akauchomoa kwenye injini, akaufunga utepe, akauacha uning'inie. Akaenda kwa wachomeleaji vyuma, akanunua waya wao mnene, akaupitisha moja kwa moja toka altaneta hadi betri, na fyuzi kubwa njiani. Ilikuwa kazi safi, ya kumwonyesha mgeni.

Alipomaliza alimwita mama mkwe wake, Bochaberi, ambaye ndiye aliyekuwa mjumbe baina yao.

"Mama, mwambie Baba mshale wa chaji sasa utaegemea kushoto, hata injini ikiwa inaunguruma. Asishtuke. Umeme unaoingia kwenye betri haupiti tena hapo, kwa hiyo mshale unaona unaotoka tu. Na waya huu mnene asiuguse kabisa."

Bochaberi alivuka barabara na maneno hayo mdomoni, na kabla hajafika upande wa pili akawa ameyameza. Hakusahau, la. Aliona aibu. Mtoto wa juzi amwambie dereva wa miaka ishirini na sita asiamini mshale wake? Mzee angewaka, na hasira ikishaingia kati ya mkwe na mkwe, kuitoa ni kazi. Akaona apunguze.

"Amesema gari liko tayari," akamwambia mumewe. "Uende salama."

Ee Mama Bochaberi! Nia njema kabisa, na tazama ilivyotupeleka.

Asubuhi Mzee akaondoka Migori, Sister Monicah kando yake, chanjo ya surua nyuma, friji ikinguruma vizuri. Hawajafika Rongo akauona mshale. Ulikuwa umeegemea kushoto. Akaugonga kwa kidole, haukurudi. Akawasha taa, ukazidi kwenda kushoto. Tangu ujana wake alijua kulia ni betri inalishwa na kushoto ni betri inaliwa, na hakuna aliyewahi kumwambia vingine. Jasho likamtoka na dirisha liko wazi. Kwa Sister hakusema kitu. Angesemaje? Kwamba mke wa mwanawe amelikosea gari, na safari ya tatu ndiyo hii inaharibika?

Homa Bay walisimama, Sister akaingia kwenye ofisi ya afya kusaini karatasi. Hajavuka hata kizingiti, Mzee akawa ameinua boneti. Akauona waya mnene umekwenda betri moja kwa moja, mshale umeachwa kando. "Masikini, ameusahau mshale," akajisemea, na kwa kweli alimwonea huruma. Akauchomoa waya ule kwenye betri, akauunga kwenye ule mwembamba uliokuwa unaning'inia, akazungushia utepe. Akawasha gari. Mshale ukaruka kulia hadi mwisho, ukabaki pale pale. Mzee akacheka peke yake, akafunga boneti, akajifuta mikono.

Kilomita sita nje ya mji, kwenye barabara ya Mbita, harufu ya plastiki ikaingia puani, kisha moshi ukatoka nyuma ya dashibodi.

"Yawa, Mzee, tunaungua!" Sister akapiga kelele.

Mzee akasimamisha gari, akaruka, akang'oa waya wa betri kwa spana. Moshi ukakata. Dashibodi ilikuwa nyeusi upande mmoja, na friji ilikuwa kimya. Sister alitazama kipimajoto cha mlango wa friji: nyuzi nne.

"Mtu asiifungue," akasema. "Ikifika nane, nazimwaga zote."

Trekta la mchanga likawavuta hadi uwanja wa kanisa Homa Bay. Sister akapiga simu kwenye duka lililo karibu na kituo cha petroli Migori, na ilipofika saa nane mchana Nyasuguta akaingia uwanjani na mfuko wa spana begani.

Mzee akaenda kwenye ua wa miba, akageuza mgongo, kama kawaida. Akasikia boneti ikifunguliwa. Alijua Nyasuguta anatazama nini. Ule utepe haukuwa wa mikono ya fundi.

"Nyasuguta," sauti ya Sister ikasikika, "nataka kujua kabla sijaandika ripoti. Wewe ulikosea kazi, ama kuna mtu ameigusa?"

Nyasuguta akaweka spana chini.

"Ni mimi, Sister," akasema. "Kazi ni yangu na kosa ni langu. Baba hahusiki."

Sitakuficha. Kitu cha kwanza alichokisikia Mzee Ombati moyoni kilikuwa nafuu. Alipona! Angeweza kubaki pale uani, akikagua miba ya ua, na kesho angekuwa bado dereva. Kisha akawaza kituo cha petroli. Habari ingefika Migori kabla ya Nyasuguta mwenyewe: yule mama aliunguza gari la chanjo. Nani angempelekea gari tena? Na Nyasuguta alikuwa anakubali hayo yote kwa sababu ya heshima, heshima kwake yeye aliyempa mgongo. Mzee aliona aibu, aibu kweli kweli, hata masikio yakamwaka.

Akageuka. Akatembea hadi kwenye gari, akasimama upande wa pili wa boneti. Nyasuguta akarudi nyuma hatua moja, akavuta kitambaa chake kichwani.

"Anakudanganya, Sister," Mzee akasema. "Waya aliuweka vizuri. Aliyeuhamisha ni mimi, ulipokuwa ofisini. Niliona mshale umekwenda kushoto nikadhani amekosea. Andika hivyo hivyo."

"Kwani hukuambiwa?"

"Nilimtuma Mama..." Nyasuguta akaanza.

Mzee akaelewa. Akamwona Bochaberi kwa mawazo, akivuka barabara taratibu, na lau si mahali penyewe angecheka.

"Yawa!" Sister Monicah akashika kiuno. "Watoto wa Sindo wanangoja sindano, nyinyi huku mnaheshimiana! Mzee, mimi siwezi kukupa gari usilolijua."

Mzee akatoa ufunguo mfukoni, akauweka kando ya boneti.

"Ni kweli," akasema. Kisha, kwa Nyasuguta, bila mtu wa kati, akimwita kwa jina la mtoto wake: "Mama Nyamongo, nieleze wewe mwenyewe. Mimi nasikiliza."

Mwanzoni Nyasuguta alikuwa kama anazungumza na rejeta, si na mtu, macho chini. Umeme unaanzia hapa. Unapita huku. Huu ulioungua kazi yake ilikuwa taa tu. Mzee akauliza swali, akajibiwa. Akauliza la pili, la kijinga kidogo, akajibiwa hilo pia. Ikafika mahali waya ulitaka kushikwa huku ukikazwa, na mikono ya Sister ilikuwa kwenye friji. Mzee akaushika. Kichwa chake na cha mke wa mwanawe vilikuwa ndani ya boneti moja, na hakuna aliyekufa.

Injini ikawaka. Friji ikanguruma. Sister akainama kwenye kipimajoto, akakaa hapo hadi Mzee akaanza kuomba kimoyomoyo.

"Nyuzi saba," akasema. "Zimepona."

Akauchukua ufunguo, lakini hakumpa Mzee. Akamgeukia Nyasuguta.

"Fundi, hii kazi ni yako. Utamwachia huyu, ama nitafute dereva mwingine hapa Homa Bay?"

Nyasuguta aliinua macho. Kwa miaka tisa ya ndoa hakuwahi kumtazama baba mkwe wake usoni, na sasa alimtazama, bila haraka.

"Baba aendeshe," akasema.

Mzee Ombati akapokea ufunguo, akapanda, akashika usukani. Ilibidi akae kidogo kabla ya kuondoa gari, maana kwa machozi barabara alikuwa haioni.