Wiki Mbili za Kikokotoo

Orpa mwenyewe ndiye aliyempa mumewe tarehe, tena akicheka. Abdias alikuwa amefungua kwenye simu kikokotoo cha mimba, kile cha mtandaoni kinachouliza siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kisha kinakutajia siku ya kujifungua. Furaha iliyoje! Vita vilikuwa vimemnasa mumewe kijijini Luofu miezi mingi, sasa amerudi Butembo, na mtoto anakuja.

Simu ikasema mimba ina wiki nane. Abdias, mwalimu mzima, akahesabu kwa vidole.

"Miye niko na wiki sita tu tangu nilirudia hapa. Donc hii mimba ni ya nani?"

Orpa aliapa, akalia. Kisha akamgeukia wifi yake Clémence, dada mkubwa wa Abdias, yaani yaya yake, mkunga wa miaka mingi, aliyekuwa palepale akichambua maharagwe.

"Yaya, umuambie. Wewe unanijua."

"Mambo ya bibi na bwana, miye hapana ingia," Clémence alijibu, asiinue macho.

Basi Orpa akafukuzwa. Njia ya Beni watu walikuwa wanauawa, hakuna asiyejua, na mumewe akampandisha gari hivyohivyo na mimba yake, arudi kwa mama yake mtaa wa Ruwenzori, kulekule Beni. Alifika salama. Abdias hata hakupiga simu kuuliza.

Muuguzi wa Beni aliyempima aliposikia kisa hicho alitikisa kichwa. Kikokotoo kinaanza kuhesabu kwenye hedhi, wiki mbili hivi kabla mimba haijaingia. Mtoto alikuwa wa Abdias.

"Ni kitu ya kwanza banatufundishaka," alisema. "Hakuna mukunga hajue."

Furaha ya Orpa ya kupata ushahidi ilikatika hapohapo. Abdias alikuwa mjinga tu, na mjinga huelimishwa. Lakini Clémence alijua, akaendelea kuchambua maharagwe yake.

Alipoelezwa kwa simu, Abdias alilia, akamsihi arudi. Orpa akafunga mzigo. Asubuhi, kabla ya kutoka, alipiga simu akaomba kusema na Clémence, mumewe akisikiliza.

"Yaya, ulikuwa unajua?"

"Nilijua," Clémence alisema. "Tangu uliingia mu hii nyumba, sikukutakaka."

Orpa alisubiri mumewe aseme neno.

"Ni yaya yangu, Orpa," Abdias alisema. "Umusamehe tu, urudie."

Orpa akakata simu, akafungua mzigo.