Akina Robidoux Mashuhuri, Nambari ya Kumi na Nane

Orodha ya akina Robidoux mashuhuri duniani ilikuwa na watu kumi na saba, na hakuna hata mmoja kati yao aliyekuwa akiishi Erdington, mtaa wa jiji la Birmingham, Uingereza. Déborah Robidoux, mwenye umri wa miaka kumi na sita, aliliona jambo hilo kuwa dhuluma isiyovumilika.

Orodha yenyewe ilikuwa kwenye tovuti ya chama cha ukoo wa Robidoux, huko Quebec, nchini Kanada. Huko, inavyoonekana, watu wa jina moja hujiundia chama, huchagua katibu, hula pamoja mara moja kwa mwaka na kuwahesabu wenzao waliopata sifa. Déborah aliisoma yote kwa heshima kubwa. Palikuwa na mchezaji wa hoki aliyeng'olewa meno saba katika mechi moja na akaimaliza. Palikuwa na meya aliyetawala mji mdogo miaka thelathini na mmoja kwa sababu hakuna mwingine aliyeitaka kazi hiyo. Palikuwa na mabondia wawili, ndugu wa tumbo moja wasiosemezana, na bibi mmoja aliyeingizwa kwa kosa la kuishi miaka mia moja na minane.

Déborah hakuwa mgeni wa mambo mazito. Katika shule yake ya bweni, saa moja kwa treni kutoka Birmingham, ndiye aliyeandaa mazishi rasmi ya tosta, mashine ya kuchomea mkate, iliyoungua, kwa wimbo, hotuba na dakika moja ya kunyamaza. Mwalimu wa zamu alivua kofia na kuinamisha kichwa kabla hajagundua ni nini kinachozikwa.

Kwa hiyo, likizo ya kiangazi, aliketi akakiandikia chama barua kwa Kifaransa safi cha darasani. Alieleza kwamba baba yake, Albert Robidoux, mzaliwa wa Kivu, mashariki ya Kongo, mwaka 1974, ndiye Kamanda wa Mzunguko wa Nje wa Birmingham, na kwamba kila siku mamia ya raia humkabidhi maisha yao. Hayo yote angeweza kuyatetea mahakamani. Papa Albert alikuwa dereva wa basi namba kumi na moja, lile linalozunguka jiji zima na kurudi lilikotoka. Lakini barua ilionekana fupi, na mkono ulikuwa umeshapata moto, basi akaongeza kwamba jiji limemtunukia nishani ya dhahabu.

Wiki tatu baadaye baba yake akawa nambari ya kumi na nane. Déborah alicheka mpaka akapata kwikwi, akarudi shuleni, akasahau.

Chama hakikusahau. Jumatatu ya likizo fupi ya Oktoba ilifika barua ya karatasi, yenye nembo ya bata maji. Papa Albert aliisoma mezani kimya kimya, kisha akaitafsiri kwa sauti ili mama yake, Koko Goretti, bibi ya Déborah, naye asikie. Bi Jeannine Robidoux, katibu wa chama, alikuwa anakuja Uingereza kumwona mjukuu wake, na aliomba heshima ya kumtembelea mwenye nishani, Jumamosi saa nane mchana.

"Nishani gani?" Koko aliuliza. "Albert, ulipewa nishani ukanificha?"

Papa Albert alimtazama binti yake. Siku zote alimwita Debo. "Déborah," alisema.

"Ilikuwa joke tu, Papa."

Baba yake aliikunja barua vizuri, kwa mikunjo ileile iliyokuja nayo.

"Nilipofika nchi hii," alisema, "kulikuwa na mtu mmoja wa uhamiaji mwenye faili. Aliniuliza: baba yako anaitwa Bahizire, mama yako Nabintu, ndugu zako kila mmoja ana lake. Hili Robidoux umelitoa wapi? Nikamweleza kwamba kwetu kila mtoto hupewa jina lake mwenyewe, siyo la baba. Akaandika kwamba jina langu haliaminiki. Miaka miwili nilikaa hivyo, mtu ambaye jina lake haliaminiki. Sikuwa na karatasi hata moja ya kumwonyesha. Nilichokuwa nacho ni kwamba sijawahi kusema uongo juu yake." Akaiweka barua mbele ya Déborah. "Sasa limeandikwa tena mahali, na uongo umekaa pembeni yake. Umeuweka wewe."

Déborah alijua habari ya ile miaka miwili, lakini hakujua kwamba ilitokana na jina.

"Nitamwandikia asije," alisema.

"Atakuja. Na wewe ndiye utakayemwambia, kwa mdomo wako, hapa mezani. Kisha aniondoe kwenye orodha yake."

Wiki ile ilikwenda polepole kuliko hukumu yoyote ambayo Déborah alikuwa amewahi kupewa na mwalimu mkuu, na alikuwa amepewa nyingi. Alitunga ungamo lake kwa Kifaransa, akalikariri bafuni, akalifupisha mara tatu. Jumamosi, Koko Goretti aliamka mapema akapika sombe ya majani ya muhogo, ndizi na samaki wadogo wa kukaushwa, kwa sababu kwa maoni yake mgeni ni mgeni hata kama ameletwa na uongo.

Bi Jeannine alifika saa nane kamili. Alikuwa mwanamke mfupi wa miaka sabini na kitu, koti lake nene kama godoro, kwapani faili la kijani, mkononi chupa ya sharubati nzito ya mti wa maple wa kwao. Aliwasalimu wote, akaketi, kisha akamtazama Papa Albert usoni. Akamtazama sikio la kushoto. Akajisogeza kidogo, akamtazama la kulia, kama mtu anayechagua tikiti sokoni.

Déborah alisimama.

"Madame," alisema kwa Kifaransa, "baba yangu hana nishani. Ni dereva wa basi. Nishani niliitunga mimi, kwa mzaha. Yeye hakujua lolote. Namwomba msamaha mbele yako, na naomba uondoe jina lake."

"Ah, nishani," Bi Jeannine alisema, akapunga mkono kama anafukuza nzi. "Binti yangu, yule meya wetu aliiba kengele ya kanisa. Sikuvuka bahari kwa ajili ya nishani."

Alifungua faili. Ndani mlikuwa na picha ya padri kijana mwenye ndevu na masikio makubwa ajabu, amesimama kando ya Landrova.

"Huyu ni Padri Rosaire Robidoux, mdogo wa baba yangu. Alikuwa mmisionari Kivu miaka kumi na miwili, akafa bila kuacha kitu. Hayumo hata kwenye orodha. Ila aliacha barua moja." Alishusha sauti, ingawa nyumbani hapakuwa na jirani wa kusikia. "Shangazi yangu Cécile, dada yake, ameificha miaka hamsini na moja. Ana miaka tisini na mitatu sasa. Nilipomsomea kwamba kuna Robidoux aliyezaliwa Kivu mwaka wa barua ile, aliniambia, nenda ukaangalie masikio. Bwana Albert, nisamehe. Nauliza kwa upendo. Je, wewe ni mtoto wake?"

Papa Albert, aliyekielewa Kifaransa kuliko wote wa nyumba ile, aliiweka glasi yake chini. Uso wake ulijifunga. Déborah alijua uso ule umetoka wapi: kutoka kwa yule mtu mwenye faili.

"Mwulize koko wako," alimwambia Déborah. "Aliyenipa jina ni yeye. Mimi nimeshajibu swali hili mara moja maishani."

Basi ikamwangukia Déborah kazi ya kutafsiri. Uzito wa bandia, ule wa mazishi ya tosta, alikuwa nao tele. Sasa alihitaji ule wa kweli, na hakujua unakaa wapi. Kiswahili chake, ambacho kwa kawaida alikisikia tu na kukijibu kwa Kiingereza, kilimtoka kipande kipande.

"Koko. Huyu mama anauliza. Kwa heshima sana. Kama Papa ni... kama yule Padri Robidoux, na wewe..."

"Na miye nini?"

"Koko, tafadhali."

Koko Goretti alimtazama mjukuu wake, kisha mgeni, kisha picha. Akaielewa. Akashika kifua kwa mikono miwili, na kicheko kilichomtoka kilikuwa kikubwa kuliko yeye. Kilitikisa sahani, kikamtoa machozi. Bi Jeannine hakujua aangalie wapi.

"Robidu?" Koko alisema alipopata pumzi. "Ule? Mwambie asikilize vizuri. Ile mwaka mvula ilikata barabara. Niko na uchungu siku ya pili, mutoto hataki kutoka. Bwana yangu akakimbilia misheni. Padri alikuwa amepakia simenti ya kujenga kanisa. Akaishusha yote, akaiacha palepale kwenye mvula, ikaharibika. Akaniweka kwenye Landrova. Njia nzima anaongea tu habari ya barafu ya kwao, ati batu banatembea juu ya muto. Nikajua huyu anaogopa kuliko miye."

Déborah alitafsiri, na alipofika kwenye simenti Bi Jeannine alitabasamu kwa mara ya kwanza.

"Tukafika kwenye daraja, gari ikakwama, mutoto akaamua kutoka. Mama katekista, tulikuwa naye mu gari, ndiye alimupokea. Padri, yeye aliona damu, akaanguka. Pwaa, kwenye matope. Nikazaa, nikatulia, yeye bado analala. Ni miye nilimumwagia maji."

"Alizimia?" Bi Jeannine aliuliza.

"Kabisa. Bwana yangu akasema huyu mutoto ni wa ile simenti, tumuite Robidu. Kwetu, mutu akikuokolea mutoto, mutoto anabeba jina yake. Ndiyo asante yetu. Padri alifurahi, akalia. Kisha akatuomba, mikono hivi: tafazali, musiambie mutu kama nilizimia. Alisikia haya sana."

Bi Jeannine alikuwa ameshatoa barua kutoka kwenye faili. Akampa Papa Albert. Ilikuwa na mistari michache ya wino uliofifia, na Papa Albert aliisoma kwa sauti, akitafsiri taratibu kwa ajili ya mama yake:

"Misheni, tarehe tisa Machi, 1974. Mpendwa Cécile, kuanzia leo kuna mtoto hapa mwenye jina langu. Anaitwa Albert. Mwombee aishi. Siwezi kukueleza yote, nimeaibika mno."

"Nimeaibika mno," Bi Jeannine alirudia. "Miaka hamsini na moja tumeinong'ona sentensi hiyo. Kumbe alizimia."

Papa Albert hakuwa akisikiliza. Aliisoma barua tena, kimya. Tarehe ilikuwa ya kuzaliwa kwake. Kidole chake kilisimama kwenye neno Albert, kikarudi hadi kwenye maneno "jina langu", kikabaki hapo.

"Iliandikwa," alisema. Hakumwambia mtu. "Siku ileile. Kumbe karatasi ilikuwepo."

Déborah alitamani kumgusa bega, akaona aibu, akamgusa. Baba yake aliushika mkono wake bila kuinua macho.

Huko Quebec ilikuwa saa nne asubuhi. Bi Jeannine alipiga simu, akaiweka katikati ya sahani ili wote wasikie, akaeleza yote kwa haraka.

"Alizimia," sauti kavu ya Shangazi Cécile ilisema. "Rosaire alizimia hata siku ya kuchinjwa kuku. Sikulifikiria hilo. Na masikio?"

"Madogo, shangazi. Mazuri."

"Basi si wetu kwa damu." Akavuta pumzi. "Lakini niliambiwa nimwombee aishi. Nimemwombea kila asubuhi, hata leo, kabla ya kahawa. Anaishi?"

Papa Albert aliinama karibu na simu.

"Naishi, Madame," alisema. "Nina mke, yuko kazini sasa hivi, hospitalini. Nina binti mmoja msumbufu. Naendesha basi."

"Vizuri," alisema Shangazi Cécile. "Endelea polepole kwenye madaraja."

Ikabaki habari ya orodha. Papa Albert alisisitiza aondolewe, kwa kuwa hakuna alichofanya cha kumfanya mashuhuri. Bi Jeannine alisema kwamba chini ya katiba ya chama uamuzi ni wa katibu, na katibu ni yeye, na katibu amekwisha kula sombe sahani mbili na hana haraka. Alimpa Déborah kalamu. Déborah aliandika polepole, bila kupamba, akimsomea baba yake kila neno kabla ya kuliacha:

"18. Albert Robidoux, dereva wa basi, Birmingham. Alipewa jina hili tarehe 9 Machi 1974 kwa shukrani kwa Padri Rosaire Robidoux, aliyeacha simenti yake kwenye mvua."

"Ni kweli yote?" Papa Albert aliuliza.

"Yote, Papa."

"Iache basi, Debo."

Padri Rosaire aliingia kama nambari ya kumi na tisa. Bi Jeannine alikuwa akifunga kalamu Koko Goretti alipomshika mkono. Ile Landrova, alisema, ilibeba bamama bengi, na yeye mwenyewe aliwajua ba-Robidu wengine sita pale parokia, pamoja na mbuzi mmoja, ingawa mbuzi alipewa jina kwa ajili ya ndevu.

Bi Jeannine alifungua kalamu tena. Wale sita waliandikwa mmoja mmoja, huku Koko akitaja wako wapi sasa: mwalimu Uvira, fundi cherehani Bujumbura, muuguzi Winnipeg, hukohuko Kanada, ambako, Bi Jeannine alisema kwa mshangao, angeweza kumtembelea kwa treni. Ombi la mbuzi lilijadiliwa kwa kirefu na kukataliwa kwa kura tatu dhidi ya moja. Déborah aliomba upinzani wake uandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.