Vibogoyo Sitini na Tatu

Nina hasira. Naliandika hilo mapema ili msomaji asinivumilie mpaka katikati akidhani nitapoa. Sitapoa. Mke wangu ameniagiza nieleze mambo yalivyotokea bila kutia chumvi, nami nimemwahidi. Kwa hiyo mkikuta chumvi, mjue imo tangu jikoni.

Nilifua na kupiga pasi mashuka ya hospitali miaka thelathini na mmoja. Shule niliiacha darasa la pili. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa maandishi ya ndoo za sabuni, ndiyo maana maneno ya kwanza niliyoyasoma bila kukwama yalikuwa "weka mbali na watoto". Nilipostaafu, wenzangu walinunua kuku. Mimi nikaanza maktaba. Rafu nilizipiga sebuleni kwa mbao za vitanda vya wodi ya wazazi vilivyotupwa, na mpaka leo ukiweka kitabu kizito juu yake zinaguna.

Vitabu nilivitoa sokoni, nyuma ya wauza vyuma chakavu, kwa jamaa tunayemwita Mzee Mizani kwa sababu anauza vitabu kwa kilo kama misumari. Vilivyo vizima anavipanga juu ya meza. Chini ya meza ana gunia, na humo mna vile vilivyong'oka kurasa za mwisho. Anaviita vibogoyo. Kibogoyo kimoja ulikipata kwa bei ya kiberiti.

"Chukua, mzee mwenzangu," huniambia. "Hadithi imo yote, isipokuwa ilivyokwisha."

Miaka minane nilibeba vibogoyo. Vilivyolowa nilivipiga pasi ukurasa kwa ukurasa, moto mdogo, kitambaa chenye unyevu juu. Migongo niliigandisha kwa gundi ya unga wa ngano. Kimoja kilikuwa kimevimba maji hivi kwamba nilipokikamua nilipata ndoo nzima na samaki mmoja. Samaki nilimrudisha mtoni.

Kisha niliviwekea meno. Yaani niliviandikia miisho, kwa mkono wangu, kwenye karatasi za daftari, nikazibandika nyuma pale zilipong'oka za mwenyewe. Vibogoyo sitini na tatu, miisho sitini na tatu.

Sababu ni mke wangu. Alikuwa mshonaji katika hospitali hiyohiyo, mashuka na makoti ya madaktari, na macho yake yalikwisha kufifia kabla sijaleta nyumbani kitabu cha kwanza. Anaona mwanga na vivuli, herufi hazioni. Kila siku baada ya chakula cha mchana hukaa kwenye kiti chake cha dirishani, nami humsomea. Siku ile ya kwanza, karatasi ziliniishia msichana akiwa katikati ya mto, maji kifuani.

"Enhe?" mke wangu akauliza. "Akavuka?"

Ningemwambia nini? Nilikwisha kumdanganya kwamba vitabu vyote nimeuziwa na hakimu mstaafu, vizima, vya jalada gumu, vimetunzwa kabatini na nondo mmoja tu aliyekuwa na adabu. Mwanamke aliyenijua dobi maisha yake yote, safari hii alikuwa ananisikiliza kama mtu mwenye maktaba. Akijua namlisha vya guniani na uongo wangu juu yake, nani atanisikiliza tena?

"Akavuka," nikasema. Kesho yake nikanunua daftari.

Sasa mkwe wangu. Amemwoa binti yetu wa pekee. Ni mwalimu wa sekondari, mtu nadhifu, hula ndizi kwa kisu na uma. Sina ubaya naye. Nilikuwa sina. Mwanzoni mwa mwezi huu niliitwa ofisi ya pensheni kuthibitisha kwamba niko hai, kazi iliyochukua siku nne kwa sababu karani wa kwanza hakuridhika na ushahidi. Mwalimu alikuwa likizoni, akaja kukaa na mama mkwe wake.

Nilirudi siku ya tano, saa sita mchana. Nikamkuta sebuleni, mikono ya shati ameikunja, wembe mkononi, uso unang'aa.

"Shikamoo, baba. Pole na safari. Hebu tazama maktaba yako!"

"Marahaba. Imefanya nini?"

"Kuna watu waliviharibu hivi vitabu, baba. Sijui ni waliokuwa navyo zamani, sijui watoto wao. Huku nyuma walibandika makaratasi ya daftari, yamejaa upuuzi mtupu! Nimeyakata yote. Taratibu, kwa wembe. Hakuna jalada lililoumia."

Nilishika rafu. Ikaguna.

"Upuuzi gani?"

"Kuna mmoja jambazi sugu, amelisumbua jiji zima kurasa mia mbili, halafu anakufa kwa kuangukia pipa la wanga!" Akacheka mpaka akajipiga paja. "Wanga wa kupigia pasi, baba!"

Pipa lile la wanga lilinichukua wiki tatu. Nilikuwa nimejaribu kisima, ngazi na nyuki. Damu ilinipanda kichwani nikasikia masikio yanapiga kama mashine ya kukamulia mashuka. Nikafungua kinywa nimwambie yeye ni nani na wembe wake ni nini, halafu nikaona kiti cha dirishani. Mke wangu alikuwa pale, mikono mapajani, uso ameuelekeza kwetu. Nikafunga kinywa. Ile hasira niliimeza nzimanzima, na iliposhuka niliisikia inavyokwaruza.

"Hayo makaratasi yako wapi?"

"Nimempelekea yule mzee wa mizani. Amesema yatafaa kufungia misumari."

Nikasema nakwenda kununua sigara. Sivuti. Nilifika sokoni kwa mwendo ambao magoti yangu hayajanisamehe.

"Umechelewa," akasema Mzee Mizani. "Seremala wa kule juu kaja asubuhi, kachukua misumari yake yote, imefungwa. Kwani kulikuwa na nini? Mimi nimesoma moja tu. Ya yule mwenye pipa." Akajifuta macho kwa kiganja. "Nani kaandika vile?"

"Mjinga mmoja," nikasema, nikageuka.

Nyumbani nilikuta chakula mezani. Nilikila kama mtu anayetafuna kamba. Mwalimu alinitilia maji, akanisogezea chumvi, akaniuliza kama nimechoka. Kila wema wake ulikuwa kama kidole jichoni. Mke wangu akanawa, akajifuta, akaenda kwenye kiti chake.

"Haya. Siku nne sijasomewa. Leo nataka ule wa mama aliyemfuata mwanawe. Ule mwisho tu, anapompata."

Katika vibogoyo vyote, kile ndicho kilichokuwa kimeng'oka zaidi. Kurasa arobaini zilikuwa zangu. Nilikitoa rafuni, chepesi kama ganda. Mwalimu naye akavuta kigoda asikilize.

Nikasoma kilichobaki, polepole, kama mtu anayetembea kuelekea ukutani. Nikafika kwenye vishina vya karatasi, vimekatwa sawasawa, kazi safi kweli ya wembe. Nikaendelea kutazama jalada tupu, natoa maneno kichwani. Mwalimu akakunja uso. Akaangalia jalada, akaniangalia mimi.

"Mama akaingia sokoni," nikasema, "akawaona vijana wengi wamesimama, akamtambua mwanawe kwa... kwa sauti yake."

"Kwa kola," akasema mke wangu.

"Eti?"

"Alimtambua kwa kola ya shati, alivyoipiga pasi upande mmoja tu kama alivyofundishwa na mama yake. Na karatasi mbona haigeuki? Ile ya daftari ina mlio wake, mlaini kama kitambaa kibichi. Leo kimya."

Nikashusha kitabu mapajani. Sauti ya kijiko kilichoanguka jikoni ingetosha kuniua.

"Karatasi ya daftari?" akauliza mkwe wangu.

"Mwanangu, huo upuuzi uliokata aliuandika baba yako."

Mwalimu akasimama, akakaa, akasimama. Mimi sikumtazama. Nilikuwa namtazama mke wangu, na ile hasira niliyoimeza ikarudi juu na ndugu zake.

"Ulijua?"

"Tangu yule msichana alipovuka mto akamkuta ng'ambo mwanamume mpole amebeba ndoo ya sabuni. Wewe mzee, kila jambazi wako anakufa kwa sabuni, wanga au pasi! Kila arusi ina mashuka yaliyonyooshwa pembe nne! Hakimu gani huyo?"

"Miaka minane umekaa hapo unanicheka!"

"Siku nyingine nilicheka, ndiyo. Ningesema, ungeacha kuandika."

Nilipiga meza. Sahani zikaruka. Nilikuwa na mengi ya kusema na nilikuwa nayapanga, lakini yeye alikwisha kunigeuzia bega. Uso wake niliujua; ndio ule aliomwonyesha daktari mkuu siku huyo daktari aliporudisha koti alilomshonea akidai mkono mmoja mrefu.

"Na wewe, Mwalimu. Siku tatu ulikuwa unakata mita mbili kutoka kwenye goti langu. Nilisikia wembe. Nikakuuliza, unafanya nini? Ukanijibu nini?"

Mkwe wangu alianza kuikunjua mikono ya shati.

"Sema, baba yako asikie."

"Nilisema... usijali, mama, nasafisha tu."

"Usijali, mama. Ningekwambia zile ni nini! Nilizijua zote! Sioni, Mwalimu. Nani alikwambia sina neno juu ya vitu vya sebuleni kwangu?"

Alikuwa hajawahi kupaza sauti namna ile mbele ya mkwe. Mwalimu alitaka kuomba radhi, maneno yakamgongana mdomoni. Mke wangu akainua mkono kumzuia.

"Daftari ziko droo ya chini. Kalamu zimo kwenye kopo. Vuta meza hapa. Likizo yako bado wiki tatu, sivyo?"

"Ndiyo, mama."

"Andika."

Mke wangu akaanza kumsomea miisho kutoka kichwani. Neno kwa neno, yangu, na vituo nilivyokuwa nashusha pumzi. Sitini na tatu yote anayo. Kwa wiki mbili sasa Mwalimu ameinama pale tangu asubuhi, vidole vina wino mpaka kwenye kucha, na mimi napika gundi. Sijamsamehe yeye. Mke wangu sijamsamehe zaidi, kwa sababu sasa limezuka jambo jingine.

"Jambazi akalikwepa pipa la wanga," nilimsikia akisema juzi, "akatoroka kwa mlango wa nyuma."

Nikatoka jikoni na mwiko mkononi. "Alikufa! Aliangukia pipa!"

"Kwako alikufa. Mimi nilikuwa nampenda. Andika, mwanangu: akatoroka."

Mwalimu alinitazama, akamtazama mama mkwe wake, akaandika akatoroka.

Mjane wa kitabu cha kumi na tisa, niliyemwoza kwa dobi, amefungua duka la nguo na hataki mume. Leo wamefika kwa mama aliyemfuata mwanawe. Kola haimo tena. Amemtambua kwa mshono wa begani, uzi mara mbili, uliofichwa ndani. Nimepinga. Nimepiga meza mara ya pili mwezi huu. Mshono umebaki. Gundi imeiva, karatasi zinanisubiri nizibandike, na kesho baada ya chakula cha mchana nitalazimika kuusoma huo mshono kwa sauti.