Nani Kawaambia Mimi Mgonjwa?

Bakuli la kwanza lililetwa na LaVonne, rafiki yake Ardis wa kanisani. La pili lilikutwa kizingitini, limefunikwa foili, na jina la mwenyewe limebandikwa chini ili bakuli lijue kwao. Yote mawili nyama ya kusaga, supu ya uyoga ya kopo, viazi juu. Katika mji ule wa kaskazini mwa Minnesota mtu haletewi chakula hicho mlangoni hivi hivi. Ama umefiwa, ama umezaa, ama unaumwa. Ardis alikuwa na miaka sitini na tatu, kwa hiyo kuzaa tuweke kando.

"Nani kafa?" mumewe Orrin aliuliza, akichungulia chini ya foili.

"Hakuna aliyekufa. Funika."

Lakini yeye alijua mgonjwa ni nani. Daktari alikuwa amemwambia kwamba mkono wake wa kulia unatetemeka kwa sababu ya ugonjwa wa Parkinson, na hakuwa amemweleza kiumbe yeyote. Aliapa Orrin atalisikia kinywani mwake yeye, siku atakayopata maneno. Baada ya maisha yote waliyoishi pamoja, hilo tu ndilo alilolitaka. Alichofanya ni kuulizia kwenye simu yake, chumbani, mlango umefungwa: unaanzaje, unakwendaje, na mtu ataendelea kupiga kinanda cha kanisa mpaka lini.

Akavaa koti akaenda kanisani. LaVonne alikuwa jikoni anamenya karoti.

"Shoga, nani kakwambia naumwa?"

LaVonne akaona haya. "Hakuna aliyeniambia. Kishikwambi hicho hapo."

Kishikwambi cha mapishi, cha wote humo jikoni, kilikuwa kimeegemezwa kwenye kopo la unga. Ardis akakigusa. Chini ya mapishi ya keki yalijipanga matangazo: vijiko vizito vya mikono inayotetemeka, vidonge, makala ya kuishi vyema na Parkinson. Juu pembeni ilikuwepo picha yake mwenyewe, anacheka. Alikuwa ametafuta humo kiasi cha nyama cha kulisha kanisa zima, akaingia kwa akaunti yake ile ile ya simu kwa kuwa mapishi yake yote yamo ndani, na hakutoka. Nani hukumbuka kutoka, katika jiko la kanisa, kati ya wanawake waliosimamiana ubatizo wa watoto?

"Tulidhani umeacha wazi makusudi tuone," LaVonne alisema. "Maana wewe kusema huwezi."

"Nilitafuta nyama, LaVonne! Nyama!"

Hasira yake haikuwa kwa LaVonne. LaVonne aliona, akapika; ndivyo alivyolelewa. Lakini ile mashine! Uiulize jambo kwa siri kama unavyomuuliza daktari, nayo itoke mbio kuwanong'oneza wauza vijiko!

"Daktari angenitangaza hivi, angefukuzwa kazi," alisema. "Hawa wenye mashine wanalipwa."

Akavuta kiti, akatoka kwenye akaunti, kisha akashika simu yake. Akafuta kila alichowahi kuuliza, akazima kumbukumbu, akakataa matangazo ya kumfuata. Vitufe vya kukubali vilikuwa vikubwa vya kung'aa. Vya kukataa vimefichwa kama vile ni aibu. Kila hatua akaulizwa kama ana uhakika.

"Mlipochukua mbona hamkuniuliza?" akaifokea simu. Akaweka mtambo mwingine wa kutafutia, usioandika nani kauliza nini. Alijua kwamba yaliyokwisha kuuzwa yameuzwa, na maji yakimwagika hayazoleki, lakini hata tone moja zaidi hawatapata.

Nyumbani alimkuta Orrin mezani, chakula hakijaguswa.

"LaVonne kapiga simu kuomba radhi," alisema taratibu. "Na simu yangu nayo, siku nyingi inaniletea mikongojo. Si tunatumia mtandao mmoja humu ndani? Nikadhani wameona mimi ndiye nimezeeka."

Ardis nusura acheke, kisha uchungu ukamrudia upya. Mpaka ndani ya mfuko wa mume wake wauzaji walikuwa wametangulia.

"Basi usijisumbue, mke wangu. Nimeshajua."

"Hujajua." Akaketi mbele yake, akauweka mkono wa kulia juu ya meza, ukitetemeka bila kufichwa. "Umesikia kwa wauza mikongojo na kwa LaVonne. Kwangu hujasikia. Zima hiyo simu, Orrin, nikuambie."

Orrin akaizima. Akaipeleka mpaka gereji, akaurudishia mlango, akaja kukaa. Ardis akaanza tangu mwanzo, pole pole, kama habari ambayo hakuna aliyewahi kuisikia.